Naomba ushauri: filamu za 1994 kwa ukoo mzima

Wapendwa, Desemba hii ukoo wetu unakutana Jinja, Uganda, na nimepewa kazi ya kuchagua filamu za jioni. Nataka zote ziwe za 1994, mwaka ninaoupenda kuliko yote katika sinema. The Lion King haina mjadala. Speed nayo inajieleza: basi likishuka chini ya maili 50 kwa saa, bomu linalipuka. Hata shangazi asiyejua Kiingereza ataelewa.

Shida ni The Shawshank Redemption, ninayoipenda kwa dhati kwa ule urafiki wa Tim Robbins na Morgan Freeman gerezani. Ina dakika 142, na sehemu kubwa ni maongezi. Wazee wetu wamezoea filamu za kibandani (kibanda cha video), VJ, yaani msimulizi wa filamu, akitafsiri kwa Kiluganda. Nahofia ataifunika sauti ya Freeman anaposimulia, na utamu wenyewe uko hapo! Tena kuna ukatili usiofaa watoto.

Je, nitafute iliyotafsiriwa, niwatafsirie wazee mwenyewe, au niibadilishe na Forrest Gump? Mliowahi kuonyesha filamu mbele ya familia kubwa, nisaidieni.