Tupeane uzoefu: Unamkabidhije mteja ripoti ya kutesti mfumo wake bila kugombana?

Mleta mada (Kisasa)
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye kampuni ndogo hapa Dom, tunatesti mifumo ya kompyuta iliyotengenezwa na watu wengine kabla haijaanza kutumika. Kutesti hakunisumbui. Balaa ni siku ya kuwasilisha. Ukiandika yote, mteja anaona umemharibia mradi na madivelopa (waliotengeneza mfumo) wanaona umewachoma. Ukilainisha, siku mfumo ukigoma unaulizwa ulikuwa unakagua nini. Naomba yaliyowakuta, ya vitabuni ninayo.

Wa Nkuhungu
Mkuu, idadi ya bagi, yaani makosa ya programu, usiiweke mbele. Kuna SACCOS ilituita turudie kazi ya testa mwingine. Ripoti yake ilikuwa jedwali refu, mwenyekiti amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu: herufi imeachwa, kitufe kimekaa upande, rangi haifanani na nembo. Katikati ya jedwali, kwa maandishi yale yale madogo, kulikuwa na hili: mtandao ukiwa mzito, mtu akabonyeza "Lipa" mara mbili, rejesho linaingia mara mbili. Hakuna aliyelisoma!

Sisi tulilitoa kwenye jedwali, tukaliandika juu kabisa: "Mwanachama anadaiwa 500,000. Amelipa 50,000. Mfumo unasema amebakiza 400,000." Mhasibu aliinuka kwenye kiti. Hakuuliza tumetesti kwa programu gani.

Testa wa Ipagala
Naongezea. Tenganisha ukubwa wa tatizo na uharaka wa kulirekebisha. Jina la taasisi limekosewa kwenye ukurasa wa kuingilia: tatizo dogo, ila kama mgeni rasmi anazindua Jumatatu, lirekebishwe leo. Ripoti ya kufunga mwaka inakwama: kubwa sana, lakini kama ni Oktoba, serikalini mwaka unafungwa Juni 30, muda upo. Ukichanganya hivi viwili, mteja anaona kila kitu kinaungua.

Mama Programu
Mimi sikabidhi ripoti isiyo na sehemu ya "Hatukujaribu". Mteja mmoja alitaka tumwandikie kwamba mfumo hauna kosa. Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta, alishasema tangu 1969 kwamba majaribio yanaonyesha bagi zipo, hayaonyeshi kwamba hazipo. Nikaandika wazi: umejaribiwa ofisini Dodoma mjini, kwa kompyuta na intaneti ya faiba. Haujajaribiwa kwa simu ndogo wala mtandao dhaifu, na watumiaji wake wengi ni maafisa ugani wa vijijini Kondoa na Mpwapwa. Alinuna kidogo, kisha akaongeza bajeti tukajaribu huko.

Halafu jamani, skrinshoti! Watu wanabandika namba ya NIDA ya mtu ikiwa nzima. Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022. Ziba, au tumia data ya kubuni.

Wa Nkuhungu
Nyingine: madivelopa waone rasimu kabla ya mteja.

Kijana wa Makole
Hapo sikubaliani, kaka. Niliwahi kuwapa rasimu, usiku mzima simu: "toa hii, punguza hii". Mara nyingi malipo yao ya mwisho yanasubiri ripoti yako, watakubali vipi?

Mama Programu
Wape, ila si kwa mjadala. Kaa nao, rudia kila bagi wakiangalia. Ikijirudia, inabaki. Ikigoma kujirudia, andika ilitokea lini na toleo lipi, iendelee kufuatiliwa. Maelezo yao yaingie pembeni kwa maneno yao wenyewe.

Mleta mada
Shukrani dada. Na mteja akisema hatulipi mpaka tuandike "umefaulu"?

Testa wa Ipagala
Hilo ni la mkataba, mkuu. Andikeni mapema kwamba mnalipwa kwa kukabidhi ripoti, iwe njema au mbaya. Na vigezo vya kufaulu visainiwe kabla hamjagusa mfumo, maana akishaona matokeo atavishusha.