Mji wa bustani Dodoma: viwanja vipana au ardhi ya pamoja?

Mtaalamu wa mipango miji, Ilazo
Wadau, kila eneo jipya linapopimwa kuelekea Ihumwa au Nala hoja ni ileile: tujenge mji wa bustani, ardhi ipo tele, vikatwe viwanja vya mita 40 kwa 40, kila kaya ijipandie bustani. Napinga. Kiwanja cha 20 kwa 30 kina mita 20 za mbele. Bomba moja likihudumia pande zote mbili za barabara, kila nyumba inakula mita 10. Mbele ikiwa mita 40, inakula 20. Nyumba 200 zinahitaji kilometa 4 za bomba badala ya 2, na mtaro na nguzo za umeme vivyo hivyo. Hati zinatoka, maji hayafiki.

Mkazi, Nzuguni
Kaka, ukivibana viwanja miti utaipanda wapi? Maeneo ya wazi tunayajua: kwenye ramani kijani, ukifika ni gereji na kokoto. Mti ulio ndani ya uzio una mwenyewe.

Mhandisi wa maji, Kisasa
Anaumwagilia kwa maji gani, dada? Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote Desemba hadi Aprili. Mche ukipewa lita 20 kwa wiki, wiki 30 za kiangazi ni lita 600. Miche 300 ya mtaa ni lita 180,000, maboza 18 ya lita 10,000. Nyasi sijazigusa. Pandeni mwarobaini au mkwaju mwanzoni mwa Desemba, shimo la sentimita 60, samadi debe moja, na tuta dogo upande wa chini wa mteremko lizuie maji. Ukipanda Aprili mvua inakatika mizizi haijashika.

Mtaalamu wa mipango miji, Ilazo
Dada ana hoja: eneo lisilo na mwenyewe hufa. Lakini Ebenezer Howard, Mwingereza aliyetoa wazo la mji wa bustani mwaka 1898, alipanga watu 30,000 kwenye ekari 1,000, kiwanja cha wastani futi 20 kwa 130. Hiyo ni kama mita 6 kwa 40, chembamba kabisa! Bustani yake ilisimama juu ya umiliki: ardhi inabaki kwa wadhamini, pango linarudi kutunza mji. Letchworth, mji wa Uingereza uliojengwa kwa wazo hilo kuanzia 1903, bado unatumia mapato ya majengo yake kwa ajili ya wakazi.

Kwetu kiwanja cha biashara kikiuzwa, pesa huja mara moja tu. Tubakize viwanja vya fremu za maduka kando ya stendi na soko, vimilikiwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, yenye akaunti yake.

Mkazi, Nzuguni
Na wajumbe wakiuziana hizo fremu?

Mtaalamu wa mipango miji, Ilazo
Katiba ya bodi ikataze kuuza, iruhusu kupangisha tu, mkataba usizidi miaka mitano. Mapato na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa kila robo mwaka.

Mhandisi wa maji, Kisasa
Na boza lilipwe kabla ya posho za vikao.