Wanajiita marafiki wa wanyama, wamenifungia watoto wa rakuni darini na paa wameniachia bovu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Mnivumilie, nina wiki nzima sijalala usingizi wa maana na hasira bado zimenikaa kooni.

Niko Toronto, Kanada, nyumba ya zamani, mkopo wa benki bado mbichi. Kwa mlioko nyumbani: rakuni ni mnyama wa ukubwa wa paka aliyeshiba, mkia wa pete pete, usoni ana weusi kama jambazi aliyejifunga kitambaa, na mikono yake ina vidole vitano vinavyofungua chochote. Mwaka 2016 jiji lilianza kugawa ndoo mpya za mabaki ya chakula zenye kitasa cha kumzuia yeye tu, na bado wapo waliozifungua. Bustanini nilishakubali yaishe. Mahindi yangu huwa anayala siku moja kabla sijawasha jiko la mkaa, kana kwamba ameniona nikinunua ndimu. Hilo sina kesi nalo.

Kesi yangu ni hawa watu wa kampuni ya kuondoa wanyama majumbani.

Mwanzoni mwa Mei tukaanza kusikia vishindo darini. Nikatafuta kampuni ambayo gari lake limeandikwa ubavuni kwamba hawaui wala hawatesi. Nikasema safi, maana sumu siitaki kwenye nyumba yenye watoto, na damu ya kiumbe siitaki mikononi. Kijana akaja jioni, akakaa ndani ya gari anakula chipsi mpaka saa tatu usiku rakuni alipotoka. Akapanda ngazi, akagongomelea bati kwenye tundu chini ya ukingo wa paa, akashuka. Dakika kumi na tano, dola 480.

Nikamuuliza, "Umechungulia ndani?" Akasema hakuna haja. Akaniongezea na ofa: dola 200 zaidi, atamtega na kumpeleka msitu wa mbali asirudi tena. Baadaye ndiyo nagundua sheria ya Ontario, jimbo letu, hairuhusu kumhamisha zaidi ya kilomita moja kutoka alipokamatwa. Akitupwa ugenini hajui maji wala maficho yaliko, na anaweza kubeba kichaa cha mbwa akakipeleka mtaa mwingine. Yaani alikuwa ananiuzia kosa, tena kwa risiti!

Halafu Mei, wakuu. Mtu anakula kwa kazi hii, hajui kwamba rakuni wengi huku huzaa Aprili na Mei? Jike aliyeingia darini miezi hiyo amekuja kutalii?

Usiku wa manane mama rakuni akarudi. Bati hata hakuligusa. Akasogea pembeni kidogo akaanza kubandua vigae vya paa kimoja kimoja, taratibu, kama anamenya ndizi. Huku ndani vitoto vinalia, sauti nyembamba kama vifaranga, juu kabisa ya kitanda chetu. Mke wangu naye machozi. Alfajiri ikanyesha.

Napiga simu kampuni, wananijibu mkataba hauhusu uharibifu unaofanywa na mnyama. Mnyama yupi? Si huyo mliyemfungia wanawe?

Aliyeniokoa ni jirani, bibi wa makamo ya mama yangu, bila senti. Akaniambia usimfukuze, mchoshe. Rakuni mwenye watoto anataka giza, kimya na harufu anayoijua, sasa mnyime vyote vitatu na umwachie njia wazi. Nikang'oa bati. Nikaweka taa kali darini, matambara yaliyolowa siki karibu na tundu, na simu ya zamani inayorudia utangazaji wa mechi ya Simba na Yanga usiku kucha. (Msiniulize nani alishinda. Mama rakuni hakuonekana kuwa shabiki wa upande wowote.) Usiku wa tatu akaanza kuwahamisha, mmoja mmoja, amewang'ata ngozi ya shingo. Nikahesabu wanne. Kwa kawaida huwa na maficho mengine ya akiba, kwa hiyo sikuwa namtupa barabarani.

Ndipo nikafunga kwenye tundu kimlango cha kutokea tu, kinachosukumika kwa nje na hakirudi ndani, siku kadhaa hadi nikawa na uhakika kumetulia. Kisha wavu mnene wa chuma, siyo wa kuku, wa kuku anauchana.

Na kinyesi je? Hilo yule kijana hakulitaja kabisa. Rakuni huchagua sehemu moja akaifanya choo, na kinyesi chake huwa na mayai ya minyoo inayoweza kufika hadi kwenye ubongo wa mtu. Mayai yanachukua kama wiki mbili hadi nne kuanza kuwa hatari, kwa hiyo ukiwahi kukisafisha unajiepusha. Nilivaa glavu na barakoa, nikakusanya, nikamwagia maji yanayochemka. Wanangu wanacheza chini ya dari hilohilo!

Fundi wa paa amenidai dola 1,900. Nimewaandikia kampuni barua pepe tatu, kimya. Leo asubuhi wamenikumbuka: wameniomba niwape nyota tano.

Kuna aliyewahi kufungua madai madogo mahakamani hapa Ontario bila wakili? Picha za paa ninazo, risiti ninayo, na sauti ya vile vitoto nilirekodi.