Mjadala: Je, ng'ombe warudishwe kwenye nyanda za nyasi za hifadhi ya Kakamega?

Jirani wa Buyangu: Ndani ya Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kuna nyanda za nyasi, na nyingi kati yake zilibaki wazi kwa sababu ng'ombe walilisha humo na wachungaji walichoma nyasi kavu wakati wa kiangazi. Sehemu ya kaskazini, huku kwetu Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985 chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na humo kuingiza mifugo au kuwasha moto bila idhini ni kosa. Sasa vichaka na mipera vinameza nyasi kuanzia ukingoni. Kusini, upande wa Isecheno ulio chini ya KFS, shirika la misitu la Kenya, Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii cha msitu kupewa haki ya malisho kwa mkataba. Je, sheria ya kaskazini inalinda nyanda hizi au inaziua?

Mpenda Miti, Kisumu: Nyasi zikigeuka miti, mimi nitashukuru. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tena tusifichane: wanaolilia nyasi hizo wanatafuta malisho ya bure ya mafahali wao wa kupigana.

Mwana wa Shinyalu: Neno la mafahali ungelimeza tu. Fahali wa mchezo hatembezwi msituni kama mbuzi wa jirani. Hutengwa na ng'ombe wengine, hukatiwa majani na kulishwa zizini, na mwenyewe hulala akimfikiria yeye kuliko watoto wake.

Mpenda Miti, Kisumu: Na majani hayo anayokatiwa hutoka wapi, ndugu yangu?

Mwana wa Shinyalu: Yanatoka mahali pale pale ambapo watu wa Dunga, huko kwenu Kisumu kando ya Ziwa Victoria, hutoa mafunjo ya kufumia mikeka: mahali ambapo mmea ukikatwa huchipuka tena. Ufuo wa ziwa nao una kanuni zake tangu 2009, lakini sijakusikia wewe ukiwaita wale mafundi wezi.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru: Waheshimiwa, fahali hakushtakiwa hapa. Uingereza, kwa sheria ya 1981, mwenye shamba lililo ndani ya eneo lililotengwa kwa thamani yake ya kisayansi huarifiwa ni shughuli zipi hawezi kufanya bila kibali, na malisho, ukataji wa nyasi na uchomaji huweza kuwamo katika orodha hiyo. Kibali hicho huwa na masharti, kwa kuwa wanajua kuwa nyasi zisipolishwa wala kukatwa hugeuka vichaka.

Mwana wa Shinyalu: Mwalimu, kwa heshima zote, Mwingereza huyo analindiwa shamba lake mwenyewe. Sisi tunaomba ruhusa ya kuingia alikochunga babu.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru: Hoja hiyo naikubali, lakini jibu liko nyumbani. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka maeneo ya hifadhi yaendeshwe kwa mpango wa usimamizi. KWS wenyewe wanaweza kuandika humo kwamba uwanda fulani ukatwe au uchomwe kwa zamu. Anayefungiwa mlango ni jirani, wala si mwenye funguo.

Binti wa Isecheno: Mnasahau mapera. Ng'ombe hula mapera yaliyoanguka, kisha mbegu hutoka nzima katika mavi. Pasua kinyesi kikavu kwa kijiti uone zilivyojaa, na mvua ikinyesha miche huchomoza hapo hapo, imesongamana. Ng'ombe huyo huyo anayefupisha nyasi ndiye anayepanda mpera. Mimi ningeanza na watu wa kukata nyasi kwa mkono na kung'oa mipera kabla haijazaa, mifugo wasubiri nje.

Mpenda Miti, Kisumu: Hilo naliunga mkono, mradi nyasi zikikatwa zisiende kwa fahali.

Mwana wa Shinyalu: Zitaenda kwa atakayelipia mzigo. Dada wa Isecheno amesema la maana, ila atuambie bei ya mzigo wa kichwa itapangwa na nani, kwa sababu ikipangwa ofisini bila wakataji kuulizwa, watakaopata kibali ni wenye malori.

Jirani wa Buyangu: Mimi niliuliza kuhusu sheria.

Mwana wa Shinyalu: Na bei ya kibali ni sheria, jirani. Jibu wewe basi: upande wenu wa Buyangu, mkataji ataingilia lango lipi, na kwa karatasi ya nani?