Mrejesho: kuta za mfano wangu zimenyooka

Waungwana, mwezi uliopita niliuliza kwa nini kuta za mfano wangu wa kadibodi (nyumba ya Mji wa Kale, skeli ya 1:50) zinalala zimenyooka na kuamka zimekunjamana kama papa mkavu.

Mchawi alikuwa gundi. Nilikuwa naipaka ile nyeupe ya maji upande mmoja wote. Karatasi inakunywa, inavimba, ikikauka inavuta. Na unyevu wetu huu wa pwani ndio kabisa! Sasa naweka uzi mwembamba wa gundi tu ukingoni, kisha nalaza kipande chini ya vitabu hadi kikauke.

Ukuta wa mawe wa nusu mita kwa skeli hiyo ni sentimita 1. Badala ya kurundika tabaka, nimefuata ushauri wa dada mmoja hapa: kadibodi mbili nje, mbavu za kuzishikilia katikati, ndani wazi. Mwepesi, na haupindi. Kisu nacho nakipitisha mara nne kwa mkono mwepesi kando ya rula ya chuma. Kidole kimepona, alhamdulillahi.

Mwalimu wangu hakusifu kuta hata kidogo. Aling'oa paa, akachungulia uani, akauliza: "Upepo utapita wapi na ngazi yako iko hapo?" Kwenye mchoro sikuwahi kuliona hilo. Nikaikata ngazi palepale mbele yake, nikaihamishia pembeni kwa pini.

Roshani bado zinanishinda. Nitarudi kuuliza.