STI ni nini hasa? Naomba ushauri kabla sijamalizia hela

Kitonga27: Wakuu, habari za jioni. Kuna Subaru Impreza ya bluu ya 2003 nimeipenda, nyuma ina nembo ya STI. Dalali anasema herufi hizo tatu ndizo zinazopandisha bei milioni saba. Maana yake nini? Usingizi sipati.

Mzee wa Turbo: Subaru Tecnica International, kitengo chao cha mbio tangu 1988. WRX, ile Impreza yenye turbo, ni World Rally eXperimental. Mwaka 2000 Richard Burns kashinda Safari Rally na Impreza. Mjomba wangu alikuwa Kenya siku hizo, alirudi na kofia moja ya bluu akagoma kuivua hata msibani.

Bint Pangani: Kodi ya nyumba umelipa lakini?

Fundi Kisogo: Nembo zinauzwa kama karanga. Soma namba ya chesisi: kwa umbo hilo GDB ndiyo STI, GDA ni WRX ya kawaida. Gia zake vipi?

Kitonga27: Mkuu, gari imetulia, ungeiona! Viti havina hata mkwaruzo.

Fundi Kisogo: Nimeuliza gia.

Kitonga27: Otomatiki. Dalali kasema ni toleo maalumu. Halafu nani anataka kukanyaga klachi foleni ya Ubungo?

Fundi Kisogo: STI ya umbo hilo ni gia sita za mkono. Chini ya kirungu kuna pete, unaivuta juu ndipo rivasi inaingia. Hiyo yako ni GDA, injini EJ205 badala ya EJ207 ya STI. Gari nzuri tu, ila usilipie herufi.

Kitonga27: Sawa, chesisi inaanza na GDA. Ila nimeshatoa milioni nne, bila risiti. Dalali ni shemeji yangu, nikimdai nyumbani hapakaliki. Na sauti ya gari ni ileile ya STI.

Popo la Mchana: Chai hii. Juzi si wewe uliyeomba ushauri wa kufuga kuku kwa mtaji wa laki tatu?

Bint Pangani: Kienyeji au chotara? Mimi kideri kilinimalizia banda zima kwa wiki moja.

Kitonga27: Ule uzi ni wa mdogo wangu, tunachangia simu.

Popo la Mchana: Simu mnachangia, Subaru unanunua peke yako 😂

Kitonga27: Fundi, achana nao. Nembo ikibanduliwa huwa inaacha alama kwenye rangi? Nauliza tu.