Naomba ushauri: kufundisha tafsida darasani Goma

Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Goma, na mwezi huu tumefika kwenye somo la tafsida, yaani kutumia neno laini badala ya neno kali au la aibu. Upande wa adabu haukunipa taabu: wanafunzi walielewa haraka kwamba mgonjwa huenda haja, mama hujifungua na mzee hufariki dunia, ingawa nyumbani wengi husema tu "alikufa" bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Taabu ilianza pale msichana mmoja, ambaye familia yake iliwahi kuishi kambini, aliponiuliza kwa nini redioni husemwa watu "wamehama" makwao ilhali wao walifukuzwa kwa risasi. Nilikosa jibu la kumtosha. Ninataka waone kwamba neno laini linaweza kumsitiri mfiwa na vilevile kumsitiri mkosaji, lakini sitaki kutonesha vidonda vya watoto, tena mwalimu wa huku maneno yake hupimwa na kila upande. Je, nitumie mifano ya mbali, kama wafanyakazi "waliopunguzwa", au nianze na maneno yao wenyewe? Na insha mnaisahihishaje, iwapo mwanafunzi amechagua neno kali kwa makusudi?